Pande Nne Hazitoshi: Nilivyojifunza Maumbo kwa Kamba na Mbao

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1998, na miezi ya kusubiri matokeo niliimalizia Mafinga, mkoani Iringa, nikiwa saidia fundi wa mjomba wangu, ambaye alikuwa akijenga na kuezeka kwa pamoja kama wafanyavyo mafundi wengi wa miji midogo. Mafinga unaishi kwa mbao za msonobari zinazotoka katika shamba la miti la Sao Hill, kwa hiyo kazi haikukosekana. Mimi nilifika pale na begi la nguo na mkebe wa hisabati wenye bikari, rula na kipimapembe, nikiamini kwa dhati kwamba habari za maumbo nilikuwa nimezimaliza tangu shule ya msingi. Ukiniamsha usiku ungenisikia nikikariri: mstatili ni umbo lenye pande nne ambalo pande zinazotazamana ni sawa. Maneno hayo niliyaandika katika madaftari, niliyajibu katika mitihani, na hakuna siku yalipokosa kunipatia alama.

Asubuhi moja mjomba aliniachia kiwanja kilichokwisha kusafishwa, akaniambia nipige mambo, yaani vigingi vya kona, na kufunga uzi wa msingi wa nyumba ya mita 12 kwa mita 9, kwa kuwa yeye alikuwa anakwenda kuchagua mbao. Nilifanya kazi ile kwa uangalifu ambao bado naukumbuka. Nilivuta futi kamba upande wa mbele, mita 12 kamili. Upande wa kulia, mita 9 kamili. Nyuma mita 12, kushoto mita 9. Nilirudia vipimo vyote mara ya pili, nikakaza uzi, nikamwaga majivu chini ya uzi ili wachimbaji wapate mstari wa kufuata. Kwa macho, umbo lilikuwa mstatili usio na kasoro.

Mjomba aliporudi hakupima hata upande mmoja. Alinipa ncha ya futi kamba, akasema, "Mjomba, hebu kashike ile kona ya mbali." Yeye na mimi tuliitana mjomba, ndivyo tulivyozoea. Alipima kutoka kona ya mbele kushoto hadi kona ya nyuma kulia, akapata mita 15 na sentimita 30. Kisha tukahamia kona mbili nyingine, akapata mita 14 na sentimita 69. Alikunja futi kamba taratibu, akaniambia kwamba nyumba yangu imelala.

Nilibisha kwa heshima. Nilimweleza kwamba pande zote nne nimezipima mara mbili, na zinazotazamana ziko sawa, na kwamba umbo la namna hiyo ni mstatili kwa mujibu wa vitabu. Hakunijibu kwa maneno. Aliokota vipande vinne vya papi, yaani mbao nyembamba, viwili virefu na viwili vifupi, akaviunganisha kwa msumari mmoja tu kila kona, akaupata mstatili wa kuning'iniza mkononi. Halafu akausukuma kwa kidole kwenye kona ya juu, nao ukalala upande kama mlango wa banda uliochoka. Hakuna kipande kilichorefuka wala kufupika. Pande zinazotazamana zilibaki sawa wakati wote, tangu ulipokuwa umesimama wima hadi ulipokaribia kujikunja ukawa kama fimbo, na katika safari nzima ile ulikuwa mstatili mara moja tu, katika nafasi moja tu.

Jambo nililolikariri kwa miaka yote ile halikuwa maelezo ya mstatili bali ya msambamba, yaani umbo la pembenne ambalo kila upande uko sambamba na ule unaotazamana nao. Kila mstatili ni msambamba, lakini si kila msambamba ni mstatili. Kinachopungua ni pembe mraba, yaani pembe ya nyuzi 90. Katika msingi wangu kona mbili zilikuwa na nyuzi 92 na kidogo, na nyingine mbili nyuzi 87 na kidogo. Tofauti hiyo jicho haliioni kwenye kiwanja chenye udongo uliofukuliwa, ila fundi wa bati angeiona siku ya kuezeka, na fundi wa marumaru angeiona vibaya zaidi, kwa sababu kila mstari wa marumaru ungemlazimu kukata vipande vya upana usiofanana.

Tuliurekebisha msingi mchana ule kwa njia ambayo mafundi huiita tatu-nne-tano. Ukipima mita 3 kwenye uzi mmoja na mita 4 kwenye uzi wa pili kutoka kona ileile, kisha ukasogeza uzi mpaka umbali kati ya alama hizo mbili uwe mita 5, kona hiyo ni pembe mraba, kwa sababu 9 na 16 hufanya 25. Nilikuwa nimeisoma kanuni hiyo kwa jina la Pythagoras, nikaifanyia maswali mengi ya kutafuta upande usiojulikana, na sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kutumika kinyume, kwamba pande zenyewe zinaweza kuithibitisha pembe. Nyumba ile ilikuwa na bahati ya vipimo: 9 na 12 ni 3 na 4 zilizozidishwa mara tatu, kwa hiyo mstari wa kutoka kona hadi kona ya pili, ambao darasani huitwa mshazari, ulipaswa kuwa mita 15 kamili kila upande. Tulisogeza mambo mawili ya nyuma mpaka mishazari yote miwili ikasoma 15.

Hapa kuna tahadhari ambayo mjomba aliniongezea baadaye, na ambayo nimeona watu wakiisahau. Mishazari kuwa sawa peke yake pia hakutoshi. Kuna trapeza, umbo lenye pande mbili tu zilizo sambamba, ambayo miguu yake ikiwa na urefu sawa huwa na mishazari iliyo sawa vilevile, na bado si mstatili, kwa sababu mbele ni kwembamba kuliko nyuma. Ni lazima upate yote mawili kwa pamoja: pande zinazotazamana ziwe sawa, na mishazari iwe sawa. La kwanza linakuhakikishia kwamba umbo ni msambamba, na la pili, likiongezwa juu ya la kwanza, linauthibitisha mstatili.

Wiki chache baadaye tulianza kuezeka, na huko ndiko nilikoielewa pembetatu. Mjomba alitengeneza kenchi ya kwanza, yaani fremu ya mbao ya pembetatu inayobeba paa, chini, juu ya ardhi iliyosawazishwa. Upana wa nyumba ulikuwa mita 9, kwa hiyo kutoka ukutani hadi katikati ilikuwa mita 4.5, kimo cha katikati alikiweka mita 1.2, mbao za mteremko, bila kuhesabu ncha za kutokea nje ya ukuta, zikawa mita 4 na sentimita 66 kila moja. Baada ya hapo alizikata mbao za kenchi 10 zilizobaki kwa kufuata urefu peke yake. Hakupima pembe hata moja. Mimi nilikuwa na kipimapembe changu mfukoni, nikawa nasubiri aniombe, lakini hakuniomba. Kenchi zote 11 ziliposimamishwa juu ya lenta, uzi uliovutwa kutoka kenchi ya kwanza hadi ya mwisho uligusa vilele vyote.

Sababu yake ni kwamba pembetatu haina uhuru ambao pembenne inao. Ukishataja urefu wa pande tatu, umeshataja na pembe zake, hata kama hujazipima, kwani pande hizo haziwezi kuungana kwa namna nyingine yoyote isipokuwa kwa kuligeuza umbo lilelile. Vipande vitatu vya papi vilivyofungwa kwa msumari mmoja kila kona havisukumiki. Ndiyo maana ndani ya kenchi huwezi kukuta pembenne iliyoachwa wazi: nguzo ya katikati na mbao za kushikizia huigawa pembetatu kubwa katika pembetatu ndogo, kila moja ikiwa imejifunga yenyewe.

Jioni, mafundi walipokuwa wakinywa chai, nilichukua kipimapembe nikapima kenchi moja kwa ajili ya kujiridhisha. Chini, kila upande ulikuwa na nyuzi 15. Juu, chini ya kofia ya bati, nyuzi 150. Jumla yake ni 180, kama ilivyo kwa kila pembetatu. Nikagundua pia kwamba kenchi ile ilistahili majina mawili kwa wakati mmoja. Kwa pande zake ilikuwa pembetatu pacha, kwa kuwa ilikuwa na pande mbili zilizo sawa. Kwa pembe zake ilikuwa pembetatu butu, kwa kuwa pembe moja ilizidi nyuzi 90. Katika michoro yote niliyoizoea shuleni, pembetatu pacha ilikuwa imesimama juu ya kitako chembamba, ndefu kama paa la mnara, na nadhani kama ningeonyeshwa kenchi ile katika mtihani nisingeitambua.

Matokeo yalipotoka nilikwenda chuo cha ualimu, na tangu hapo nimefundisha hisabati katika shule za msingi. Siku ya kwanza ya mada ya maumbo huwa siandiki maelezo ubaoni. Nawagawia wanafunzi vijiti vilivyokatwa kwa vipimo mbalimbali, nawaambia waunde pembetatu. Huwa naweka kwa makusudi kundi moja la sentimita 5, 7 na 13. Watoto wa kundi hilo huhangaika, husogeza, hulaumu vijiti, mpaka mmoja wao atamke kwamba vile vifupi viwili, hata vikilazwa chini kabisa, havifikiani, kwa sababu 5 na 7 ni 12 tu. Nikiwapa 5, 7 na 12, vijiti hulala vyote juu ya mstari mmoja, na hakuna pembetatu. Kwa hiyo wanapata sharti la kwanza kwa mikono yao: pande mbili zozote zikijumlishwa ni lazima zizidi ule wa tatu.

Baada ya hapo tunazipanga. Kwa pande, kuna pembetatu guni, ambayo haina upande unaolingana na mwingine. Pembetatu pacha, yenye pande mbili sawa. Na pembetatu ya pande zote sawa. Kwa pembe, kuna ile ambayo pembe zake zote ni kali, yaani ziko chini ya nyuzi 90. Kuna pembetatu mraba, yenye pembe moja ya nyuzi 90. Na kuna pembetatu butu. Nachora jedwali la mistari mitatu na safu tatu, vyumba tisa, nawaagiza wajaze kila chumba kwa mchoro. Vyumba viwili hubaki vitupu hata wafanye nini, kwa kuwa pembetatu yenye pande zote sawa lazima iwe na nyuzi 60 kila kona, hivyo haiwezi kuwa mraba wala butu. Vyumba saba vilivyobaki hujaa. Naipenda saa hiyo kuliko saa yoyote ya mwaka wa masomo, kwa sababu mtoto anapong'ang'ana na chumba kisichojazika anakuwa anatafuta sababu, na hajaambiwa atafute sababu.

Upande wa pembenne mambo ni magumu zaidi. Mwaka mmoja, katika darasa la sita, msichana mmoja alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, mraba ni mstatili au si mstatili?" Darasa liligawanyika papo hapo, na wengi walisema si mstatili, kwa kuwa mstatili una urefu na upana, na mraba una pande tu. Niliwarudisha kwenye sharti: mstatili ni msambamba wenye pembe mraba. Je, mraba ni msambamba? Ndiyo. Una pembe mraba? Ndiyo. Basi umetimiza masharti yote, nao ni mstatili. Tena umetimiza na masharti ya rombasi, ambayo ni msambamba wenye pande zote nne sawa. Mraba ni umbo linalokaa katika koo zote mbili, kama mtoto mwenye wajomba upande mmoja na baba wadogo upande wa pili, na hakuna ukoo unaoweza kumkana.

Sikuwaficha kwamba wengi wao hawakuwa peke yao. Euclid wa Alexandria, aliyeandika kama miaka 300 kabla ya Kristo, aliyatenganisha kabisa: kwake umbo refu lenye pembe mraba ni lile ambalo si pande zake zote zilizo sawa, na pembetatu pacha ni ile yenye pande mbili tu zilizo sawa, si tatu. Wanahisabati wa sasa wameegemea upande wa kujumuisha, na mimi nakubaliana nao kwa sababu ya kazi. Ukishathibitisha kwamba mishazari ya kila mstatili ni sawa, umeshaithibitisha kwa mraba pia, bila kuanza upya. Ukishathibitisha kwamba mishazari ya kila rombasi hukatana kwa pembe mraba, mraba nao umepata sifa hiyo. Ukiyatenga maumbo, kila ukweli unapaswa kuthibitishwa mara mbili.

Kosa la pande nne nililikuta tena mahali ambapo lingeweza kugharimu zaidi ya majivu na uzi. Baada ya babu mzaa mama kufariki, familia ilikubaliana kuuza sehemu ya eneo lake. Mzee mmoja wa ukoo alipima mipaka akaandika mita 40, 25, 36 na 15 kwa kufuata mzunguko. Kisha akachukua wastani wa 40 na 36, ambao ni 38, na wastani wa 25 na 15, ambao ni 20, akavizidisha na kupata mita za mraba 760. Njia hiyo ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani, kwani imeandikwa kwenye kuta za hekalu la Horus huko Edfu, Misri, katika orodha ya mashamba ya hekalu. Tatizo ni kwamba hutoa jibu sahihi kwa mstatili tu, na kwa pembenne nyingine yoyote hutoa jibu kubwa kuliko eneo lenyewe.

Nilimwomba mzee ruhusa tupime kitu kimoja zaidi, tukapita katikati ya migomba tukavuta futi kamba kutoka kona hadi kona. Ilisoma mita 39. Kipimo hicho kimoja kiliigawa ardhi katika pembetatu mbili ambazo pande zake zote zinajulikana. Ya kwanza ilikuwa na 36, 15 na 39, na ukizidisha utaona kwamba 36 kwa 36 na 15 kwa 15 hufanya 1,521, ambayo ni 39 kwa 39. Kona ile ilikuwa pembe mraba bila sisi kujua, na eneo lake, nusu ya kitako mara kimo, ni mita za mraba 270. Ya pili, yenye 40, 25 na 39, haikuwa na pembe mraba, kwa hiyo nilitumia kanuni ya Heron, ambaye pia alikuwa mtu wa Alexandria, katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Unajumlisha pande na kuchukua nusu, hapa 52. Unautoa kila upande kwenye nusu hiyo, unapata 12, 27 na 13. Unazidisha zote nne, unatafuta kipeuo cha pili. Jibu ni 468. Jumla ya eneo ikawa mita za mraba 738, pungufu ya mita za mraba 22 kuliko ilivyoandikwa, yaani zaidi ya chumba cha mita 4 kwa mita 5.

Mzee aliuliza swali zuri sana: kama pande zote nne amezipima kwa haki, kwa nini eneo lisijulikane kutokana nazo? Nilimchorea chini kwa kijiti. Pande zilezile nne, kwa mpangilio uleule, zingeweza kufungwa pamoja mshazari ukawa mita 30 badala ya 39, na hapo eneo lingekuwa kama mita za mraba 595 tu. Karatasi yake ingesomeka vilevile, lakini shamba lingekuwa jingine kabisa. Alinyamaza kwa muda, akachukua kalamu, akaandika 39 chini ya vile vipimo vinne, akapigia mstari.

Katika maumbo yenye pande nyingi zaidi, ambayo kwa jumla huitwa poligoni, nawafundisha watoto kufanya kama tulivyofanya kwenye lile shamba. Chagua kona moja, vuta mistari kuelekea kona zote ambazo hazijaungana nayo, na umbo litagawanyika katika pembetatu ambazo idadi yake ni pungufu ya pande kwa mbili. Pembetano hutoa pembetatu tatu, pembesita hutoa nne, na kadhalika. Kwa kuwa kila pembetatu ina nyuzi 180, jumla ya pembe za pembetano ni 540 na za pembesita ni 720. Kama pande zote ni sawa na pembe zote ni sawa, unagawanya tu: ile alama nyekundu ya kusimama barabarani, yenye pande nane, ina nyuzi 135 kila kona, na kichwa cha nati, chenye pande sita, kina nyuzi 120. Sehemu hii watoto huielewa haraka, na sioni haja ya kuikalia.

Ninachokikalia ni bendera. Kila shule ina bendera ya taifa, na kwa miaka mingi nilipita chini yake bila kuitazama kama umbo. Bendera ya Tanzania, iliyoanza kutumika mwaka 1964, ina kimo na urefu kwa uwiano wa 2 kwa 3, na utepe mweusi wenye kingo za njano unapanda kutoka kona ya chini upande wa mlingoti hadi kona ya juu upande wa pili. Niliwaagiza wanafunzi waichore kwa sentimita 12 kwa 18, kisha wataje kila umbo wanaloliona na jina lake kamili. Sehemu ya kijani na ya buluu hazikuwapa shida: ni pembetatu mraba, na kwa pande zake ni guni, kwa sababu mteremko wake unafuata mshazari wa mstatili wa 2 kwa 3. Walipima pembe zilizobaki, wakapata karibu nyuzi 34 na nyuzi 56. Kila mstari wa njano ulikuwa trapeza, jambo lililochukua muda kidogo kwa kuwa hawakuwahi kuona trapeza nyembamba namna ile.

Kuhusu weusi, karibu wote waliandika msambamba. Mimi mwenyewe, nakiri, ndivyo nilivyokuwa nimeandika kwenye maandalizi yangu ya somo. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hakuwa akizungumza, aliandika pembesita. Nilimwita mbele aeleze, naye akaweka kidole kwenye mchoro akahesabu kona: moja kwenye mlingoti, moja kwenye kona ya chini kabisa ya bendera, moja kwenye ukingo wa chini, moja kwenye ukingo wa upande wa pili, moja kwenye kona ya juu kabisa, na moja kwenye ukingo wa juu. Zilikuwa sita. Utepe haukomei kwenye ncha za mteremko, bali unazimeza kona mbili za bendera, na kila kona iliyomezwa ni pembe mraba yake. Niliwaomba wapime zote. Kona mbili zilikuwa na nyuzi 90, mbili zilikuwa na nyuzi 124, na mbili zilikuwa na nyuzi 146. Yule mvulana alijumlisha ubaoni, akapata 720, darasa likapiga makofi.

Likizo iliyofuata nilikwenda Mafinga na mchoro wa mvulana yule ndani ya daftari. Mjomba alikuwa amekwisha kuacha kupanda juu ya mapaa kwa sababu ya magoti, lakini bado alikuwa na karakana yake ndogo nyuma ya nyumba, na vipande vya papi havikuwahi kumwishia. Nilimwonyesha ule utepe mweusi nikamweleza kona zake. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo hakuna mwanafunzi wala mwalimu aliyewahi kuniuliza: ukiuunda kwa mbao, unahitaji mbao ngapi za kushikizia ili usiyumbe?

Hakusubiri jibu. Alipanga vipande sita mezani, akavifunga kwa msumari mmoja kila kona, akavisukuma, navyo vikaserereka pande zote. Alipigilia mbao moja kutoka kona moja hadi kona isiyo jirani, akasukuma tena. Sehemu moja ilitulia, nyingine ikaendelea kucheza. Akaweka ya pili kutoka kona ileile. Alipoweka ya tatu, umbo zima lilikaa kimya chini ya kiganja chake.

"Tatu," alisema. "Na ya pande saba?"

"Nne, mjomba."

Alinipa nyundo, akainuka kwenda kutafuta kipande cha saba.